Printa ya picha imepoteza rangi moja: niendelee kusafisha hedi (kichwa cha kuchapia), au tatizo liko kwingine?

Mwenye Steshenari, Dodoma

Habari za jioni, wanajukwaa. Naomba msaada wa wenye uzoefu na printa za wino wa maji, hasa hizi za matangi.

Ninaendesha steshenari ndogo hapa Dodoma, na kazi inayotuingizia kipato kuliko nyingine zote ni picha za pasipoti pamoja na picha za vitambulisho vya wanafunzi. Tunatumia Epson L805, ile yenye rangi sita: nyeusi, samawati, samawati mpauko, majenta, majenta mpauko na njano. Shule zilipofungwa mwezi wa Sita kazi ilipungua sana, printa ikakaa wiki kadhaa bila kuchapa kitu, na tulipoiwasha tena nyuso za watu zikatoka na rangi ya kijani kijani, kana kwamba kila mteja ametoka kuugua.

Nilichapa karatasi ya kukagua nozeli, yaani vitundu vya hedi vinavyotoa wino. Rangi tano zilikuwa kamili, lakini majenta mpauko ilikuwa nusu: ngazi za juu za mistari zipo, za chini hazipo kabisa, na kila nikirudia karatasi hiyo pengo linabaki palepale. Kijana wetu wa dukani akaanza kuendesha usafishaji wa hedi kutoka kwenye kompyuta, mara nyingi mfululizo, na badala ya kupata nafuu tukaona majenta ya kawaida nayo imeanza kukatika. Hii ya pili inanishangaza zaidi, kwa sababu mapengo yake hayakai mahali pamoja. Karatasi moja yako juu, karatasi inayofuata yako katikati.

Fundi mmoja wa mtaani amesema hedi imekufa, na kwamba hedi mpya inakaribia bei ya printa nyingine. Mwingine ananishauri nisukume spiriti kwa bomba la sindano hadi ipenye. Sijakubali ushauri wowote kati ya hiyo miwili. Wino ninaotumia ni ule uliokusudiwa kwa printa hii, namba 673, na matangi yote yako zaidi ya nusu. Nifanye nini, na kwa utaratibu gani?

Fundi wa Printa, Kariakoo

Ndugu, pole kwa usumbufu, na umefanya vyema kutokubali bomba la sindano. Jambo la kwanza ninaloomba ni kwamba usafishaji usimame leo hii. Zima printa kwa kitufe chake, iache ikae hadi kesho muda kama huu, kisha chapa karatasi ya kukagua nozeli bila kusafisha chochote. Nitaeleza sababu.

Printa yako ina maradhi mawili, nayo yanatibiwa kwa njia zinazopingana. Pengo lisilohama, kama lile la majenta mpauko, ni dalili ya wino uliokauka kwenye vitundu vya hedi. Pengo linalohama, kama hilo la majenta ya kawaida, si wino mkavu hata kidogo, kwa sababu wino uliokauka hauna miguu ya kutoka kitundu kimoja kwenda kingine. Hilo ni pengo la hewa au la upungufu wa wino kwenye hedi. Usafishaji ni pampu inayovuta wino kwa nguvu kupitia hedi. Ukiuendesha mara nyingi bila kupumzika, wino hauwahi kufika kutoka kwenye tangi kupitia mirija, na vipovu vya hewa vinaingia mahali palipokuwa pazima. Dawa ya hewa ni muda. Vipovu vidogo vikiachwa vitulie hupanda vyenyewe au huyeyuka ndani ya wino. Kitabu cha maelekezo cha printa nyingi za matangi za Epson kinasema wazi kwamba ukikagua na kusafisha mara tatu bila mafanikio, usubiri muda usiopungua saa 12 kabla ya kujaribu tena. Watu wengi huruka sentensi hiyo, na kwa maoni yangu ndiyo yenye thamani kuliko zote katika sura nzima ya matengenezo.

Wakati unasubiri, kagua mambo mawili. Tangi la wino liko wapi? Linapaswa kukaa kwenye usawa wa printa, pale lilipotengenezewa. Nimeona maduka mengi yenye meza finyu yakiliweka juu ya printa, na hapo wino husukumwa na uzito wake wenyewe na kudondoka kwenye hedi. Likiwekwa chini ya usawa wa meza, hedi huhangaika kuvuta. La pili, kama printa ina kifundo cha kufunga wino wakati wa kusafirisha, hakikisha kimegeuzwa upande wa kuchapa, na uangalie kama kuna mrija uliobanwa na mfuniko.

Sasa turudi kwenye majenta mpauko, ambayo kweli imeziba. Hedi ya Epson inasukuma wino kwa vipande vya piezo vinavyojikunja vikipitishiwa umeme. Haipashi wino joto, na ndiyo maana inaweza kudumu miaka mingi, lakini ndiyo maana pia haitolewi na kubadilishwa kila wino unapoisha. Kila tone linalotoka lina ujazo wa pikolita chache tu, na pikolita moja ni sehemu moja ya trilioni ya lita. Kitundu kinachotoa tone la namna hiyo ni chembamba kuliko unywele wa mtu. Wino una maji pamoja na vimiminika vinavyochelewesha kukauka, lakini printa ikikaa wiki kadhaa katika hewa kavu ya Dodoma, maji hupotea kwenye mdomo wa kitundu na rangi inabaki kama gundi.

Habari njema ni kwamba wino wa 673 ni wa rangi iliyoyeyuka kabisa ndani ya maji, si ule wa chembechembe, kwa hiyo ukikauka unaweza kulainishwa tena kwa maji. Usikubali spiriti, sanitaiza, wala asetoni ya kuondolea rangi za kucha. Vitu hivyo vinaweza kuharibu gundi na mipira iliyounganisha tabaka za hedi. Bomba la sindano nalo linaleta shinikizo ambalo hedi haikuundwa kulibeba. Likipasua kizuizi cha ndani, wino wa rangi moja huingia kwenye rangi nyingine, au hupanda hadi kwenye utepe wa waya na kuunguza bodi, na hapo ndipo hedi inapokufa kwelikweli.

Tafuta maji yasiyo na madini, yale yanayouzwa kwenye vituo vya mafuta kwa ajili ya kuongezea kwenye betri za magari. Soma lebo kwa makini, kwa sababu asidi ya betri huuzwa kwenye chupa zinazofanana na hizo, na asidi itakuumiza wewe na printa. Usitumie maji ya bomba, hasa ya huko kwenu yenye chumvi nyingi.

Kabla ya kugusa hedi, anza na mahali inapolala. Upande wa kulia kuna kijisahani chenye ukingo wa mpira na sponji ndani yake. Sisi mafundi tunakiita kepu. Printa ikizimwa vizuri, hedi hukaa juu ya kepu na ukingo ule huizuia isikauke, na usafishaji ukiendeshwa pampu huvuta wino kupitia hapo hapo. Washa printa, na hedi ikianza kutembea kuelekea kushoto chomoa waya wa umeme. Sasa unaweza kuisogeza hedi taratibu kwa mkono. Angalia kepu kwa tochi. Mara nyingi utakuta ukingo umegandiwa na wino mweusi mzito, au kuna unywele na nyuzi za vumbi zilizolala juu yake. Futa ukingo huo kwa pamba ya masikio iliyoloweshwa maji yale, pole pole, hadi mpira uonekane. Futa pia kile kibao kidogo cha mpira kilicho kando yake, ambacho hupangusa uso wa hedi. Kikiwa kichafu kinarudisha uchafu kwenye vitundu kila kinapofanya kazi.

Kisha tia matone ya maji kwenye sponji ya kepu hadi ishibe bila kufurika, rudisha hedi juu yake, na uache usiku kucha bila umeme. Asubuhi washa, endesha usafishaji mara moja tu, na ukague. Kuna kipimo kimoja cha muhimu: baada ya usafishaji maji yale yawe yamevutwa na kepu ibaki na unyevu tu. Ukikuta kijisahani bado kimejaa, basi mrija ulio chini yake umeziba au pampu haivuti, na unaweza kusafisha mwaka mzima bila hedi kupata nafuu kwa sababu hakuna kinachovutwa. Printa nyingi zinazohukumiwa kwamba hedi imekufa zina tatizo hilo tu.

Naomba pia utueleze mnazimaje printa mnapofunga duka.

Mama Studio, Mombasa

Fundi amesema yote ya tiba, kwa hiyo mimi nitazungumzia kinga, kwa kuwa studio yangu inategemea printa ya aina hiyo hiyo na miezi ya Ramadhani kazi hupungua sana.

Ushauri unaosikika kila mahali ni kuchapa ukurasa mmoja kila wiki. Ni ushauri mzuri, lakini haukamiliki bila kusema ukurasa wa namna gani. Barua ya maandishi meusi kwenye karatasi ya kawaida inaweza kutumia wino mweusi peke yake, na rangi nyingine zote zikaendelea kukauka huku wewe ukiamini kwamba printa inafanya kazi kila siku. Katika printa ya rangi sita, hata picha yenye rangi kali haitoshi. Samawati mpauko na majenta mpauko hutumika zaidi kwenye maeneo mepesi: ngozi ya mtu, anga, kivuli kwenye shati jeupe. Ukichapa nembo nyekundu iliyokolea, majenta mpauko inaweza isiguswe kabisa, na huenda ndiyo sababu yenu imekuwa ya kwanza kuziba. Mimi nimeweka mazoea ya kuchapa ile karatasi yenyewe ya kukagua nozeli mara mbili kwa wiki, hata kama hakuna mteja. Inapitisha wino kwenye kila kitundu cha kila rangi, inatumia wino kidogo mno ukilinganisha na usafishaji, na inakuonyesha tatizo likiwa bado mstari mmoja. Karatasi moja huitumia mara kadhaa, nikigeuza upande na ncha, kisha naandika tarehe pembeni na kuitunza. Nikiona pengo, nalinganisha na la wiki iliyopita ili nijue kama limehama au limekaa.

Huku pwani hewa ina unyevu na wino haukauki haraka kama bara, lakini tuna vumbi la chumvi na stima inapotea bila taarifa. Stima ikipotea wakati hedi iko katikati ya karatasi, hedi inabaki wazi bila kifuniko hadi itakaporudi. Printa ya wino hutumia wati chache sana, tofauti na ya tona ambayo hupasha joto na kula umeme mwingi, kwa hiyo betri ndogo ya akiba ya kompyuta inatosha kabisa kumalizia kazi na kuizima kwa kitufe. Kwa anayeishi kwa kuchapa picha, nadhani gharama hiyo ni ya lazima.

Usiku naifunika printa kwa leso safi ya pamba, na trei ya nyuma ya karatasi naifunga. Vumbi linaloingia pale hushuka hadi kwenye kepu.

Mwenye Steshenari, Dodoma

Nashukuru sana, Fundi na Mama Studio. Narudi na majibu.

Niliiacha printa ikapumzika kama nilivyoelekezwa. Siku iliyofuata majenta ya kawaida ilikuwa imerudi yote bila kufanyiwa kitu chochote. Mistari ilikamilika kutoka juu hadi chini. Tangi halikuwa juu ya printa, lakini mirija ilikuwa imebanwa kidogo na kasha la karatasi za picha lililosukumwa kutoka nyuma, na nimeliondoa.

Kuhusu kepu, ukingo wa upande mmoja ulikuwa na tabaka la wino uliokauka, ukiukwangua kwa pamba unatoka kama ngozi nyembamba, na chini yake kulikuwa na unywele mmoja uliopita kutoka ndani ya sponji hadi nje. Nimeelewa sasa kwamba kepu haikuwa ikifunga. Nilitia maji, nikaacha usiku kucha, asubuhi usafishaji mmoja ukayavuta maji yote. Majenta mpauko imerudi isipokuwa mistari miwili ya chini kabisa. Nyuso za watu zimerudi kuwa nyuso za watu, ingawa kwenye picha kubwa bado naona ufito mwembamba.

Tunazima kwa swichi kuu iliyo mlangoni, kama maduka mengi yanavyofanya kwa ajili ya usalama. Je, hilo lina madhara? Na je, kwa hiyo mistari miwili iliyobaki, niendeshe ule usafishaji mkubwa unaobadilisha wino wote wa kwenye mirija?

Mwalimu wa Kigoma

Samahani kwa kuingilia mjadala. Ofisini kwetu shuleni tuna Canon ya matangi, ya mfululizo wa PIXMA G, na nyeusi ndiyo iliyokatika wakati rangi ziko sawa. Je, utaratibu huu wa kepu na maji unatufaa na sisi?

Fundi wa Printa, Kariakoo

Mwalimu, nianze na wewe. Canon na HP hutumia joto: ndani ya kila kitundu kuna kipashio kidogo kinachochemsha wino kwa kitambo kifupi sana, kiputo kinatokea, na kiputo hicho kinasukuma tone. Wino wenyewe ndio unaopoza kipashio, kwa hiyo hedi ya namna hii ikilazimishwa kuchapa ikiwa kavu inaweza kuungua, na hakuna maji yatakayoifufua. Acheni kuchapa kwa nyeusi hadi tatizo liishe. Tena katika printa nyingi za mfululizo huo nyeusi ni wino wa chembechembe, wakati rangi nyingine ni za kuyeyuka, na ndiyo maana nyeusi imetangulia. Ikiganda ni ngumu zaidi kulainika.

Lakini mna nafuu moja ambayo mwenzenu wa Dodoma hana. Hedi ya nyeusi na hedi ya rangi ni vipande viwili vinavyotoka kwa mkono na kuuzwa kimoja kimoja. Anzeni kwa kuhakikisha kwamba tangi la nyeusi halijashuka chini ya mstari wa mwisho na kwamba mrija hauna hewa. Mkijiridhisha, toeni hedi ya nyeusi kwa kufuata kitabu cha maelekezo, ilazeni upande wa vitundu ukitazama chini juu ya kitambaa kisichotoa nyuzi, kilicholoweshwa maji ya uvuguvugu yasiyo na madini, kwa dakika chache. Doa jeusi likitokea kwenye kitambaa, wino umeanza kupita. Msisugue vitundu, na viunganishi vya shaba vikaushwe kabisa kabla ya kurudisha. Ikishindikana, nunueni hiyo hedi moja. Printa nzima bado ina maisha.

Ndugu wa Dodoma, swichi ya mlangoni ina madhara. Printa inapozimwa kwa kitufe chake, hurudisha hedi kwenye kepu na kuifunga kabla taa haijazimika. Ukikata umeme kwa swichi kuu, unaikuta hedi popote ilipo. Mwelekeze kijana abonyeze kitufe cha printa kwanza, asubiri taa izime na sauti za ndani zikome, ndipo aende kwenye swichi ya mlangoni.

Usafishaji mkubwa usiuendeshe sasa. Mistari miwili haistahili gharama hiyo, kwa sababu usafishaji huo unamwaga wino mwingi wa rangi zote sita, na wino huo hauendi hewani. Unakwenda kwenye pedi ya kunyonya wino iliyo ndani ya printa. Kuna hesabu inayotunzwa ya kiasi kilichomwagwa, na ikifika kikomo printa inagoma. Hapo watu hutafuta programu za kufuta hesabu kwenye intaneti, ambazo nyingine huja na virusi, wakaifuta bila kubadilisha pedi iliyokwisha kujaa, na baada ya muda wino unatokea chini ya printa na kusambaa mezani. Kwa kuwa kijana wenu alisafisha mara nyingi, omba fundi aifungue pedi na kuiangalia mapema.

Fanya hivi badala yake. Rudia kulowesha kepu usiku mmoja zaidi, kisha chapa picha mbili tatu zenye ngozi na anga, ambazo zitapitisha majenta mpauko kwa wingi. Vitundu vilivyolainika nusu mara nyingi hufunguka vikiwa kazini. Iache siku moja, kagua. Mistari ikibaki ileile baada ya wiki, hapo ndipo usafishaji mkubwa utakuwa na sababu, kwa sharti kwamba kila tangi lina wino usiopungua theluthi moja, maana likiwa chini ya hapo utaingiza hewa kwenye mirija yote sita. Uendeshe mara moja, na usiurudie kabla ya saa 12 nyingine kupita. Wakati huo huo, ukichapa picha ndogo za pasipoti chagua ubora wa juu kwenye draiva (programu ya printa kwenye kompyuta), kwa sababu hedi itapita mara nyingi zaidi juu ya eneo lile lile na vitundu vizima vitafunika kazi ya vile viwili.

Mwenye Steshenari, Dodoma

Nimeelewa, Fundi. Kitufe kwanza, swichi ya mlangoni baadaye. Nimeandika hivyo kwenye karatasi na kuibandika pale pale kwenye swichi. Maji nimetia kwenye kepu jioni hii, na kesho kutwa nina picha za darasa zima la chekechea, kwa hiyo majenta mpauko itapata kazi ya kutosha. Nitaweka hapa matokeo ya karatasi ya ukaguzi baada ya hapo.

Mwalimu wa Kigoma

Ahsante, Fundi. Hedi ya nyeusi imetoka bila shida, na kitambaa kimeanza kushika doa. Tutaikausha viunganishi vyake leo na kuirudisha kesho asubuhi kabla ya kuchapa mitihani.